Gari linazima njiani, ukifika kwa fundi linawaka: usikimbilie stata, liangalie kwanza

Umetoka Dodoma asubuhi, umepita Bahi, umepita Kintinku, gari liko safi kabisa. Unaanza kupanda mlima wa Saranda kuitafuta Manyoni, nyuma yako kuna lori la kontena. Ghafla mguu uko kwenye mafuta lakini gari halivuti. Usukani unakuwa mzito. Injini imezima.

Unasogea pembeni, unapiga stata, wapi. Unafungua boneti, unachungulia, hata hujui unatafuta nini. Baada ya dakika ishirini unajaribu tena, gari linawaka mara moja kama vile hakuna kilichotokea. Unafika Manyoni mjini, unakwenda gereji. Fundi analiwasha, linawaka. Analipiga resi, limetulia. Analizungusha mtaa mzima, halina neno.

"Bosi, mbona gari lako halina shida?"

Hapo ndipo hela inapoanza kutoka. Kwa kuwa hakuna aliyeuona ugonjwa, kila mtu anabahatisha. Fundi wa kwanza anabadilisha plagi. Wa pili anasema pampu ya mafuta, inaagizwa Dar, inakuja na basi. Wa tatu anasema hao wawili hawajui kazi, hiyo ni koili. Wiki mbili baadaye uko Saranda tena, pembeni ya barabara, na gari lina spea mpya tatu.

Tuseme ukweli, fundi naye si wa kulaumiwa sana. Ugonjwa wa kuzima na kuwaka unaonekana kwa dakika chache tu, na dakika hizo yeye hayupo. Upo wewe. Kwa hiyo ushahidi unaoutafuta fundi unao wewe mwenye gari, ila wengi tunaupoteza kwa sababu kitu cha kwanza tunachofanya ni kupiga stata mfululizo mpaka betri inalala.

Kabla ya yote, simama salama

Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, breki hazifi hapo hapo. Kwenye magari mengi madogo kile kifaa kinachosaidia breki bado kina nguvu ya kukanyaga mara moja, mbili hivi. Baada ya hapo kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Kwa hiyo usipampu breki. Kanyaga mara moja, kwa nguvu, na ushikilie mpaka gari lisimame. Ukiona inagoma, ongeza hendibreki taratibu.

Usukani utakuwa mzito lakini unageuka. Kosa kubwa ni kuzungusha funguo mpaka mwisho au kuichomoa wakati gari bado linatembea. Usukani unaweza kujifunga, na hapo huna gari tena, una sanduku linalokwenda linakotaka. Acha funguo mahali ilipo, washa taa za dharura, vuta kushoto utoke kabisa kwenye lami.

Kama ni gari la otomatiki na bado linaserereka, unaweza kuliweka N na kujaribu kuliwasha. Usiliweke P likiwa linatembea.

Kwenye mlima kama Saranda kuna hatari mbili. Ukiwa unapanda, gari linaweza kurudi nyuma, kwa hiyo hendibreki na jiwe nyuma ya tairi. Ukiwa unashuka, unategemea breki ambazo zimebakiza nguvu ya mkanyago mmoja. Barabara hii ndiyo wanayopita madereva wa malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, usiku na mchana, na lori lililojaa halisimami kwa sababu umewasha taa za dharura. Weka pembetatu za tahadhari mbali, hasa kama umesimama baada ya kona. Shusha abiria, wakae nje ya barabara, si nyuma ya gari. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Na tafadhali, ukiondoka ondoa yale mawe na matawi uliyoweka barabarani. Kuna wenye pikipiki wanayakuta usiku.

Sasa angalia dashibodi, kabla hujagusa funguo

Swali la kwanza, ambalo linakata nusu ya kazi yote: injini ilipozima, taa za dashibodi zilibaki au nazo zilikufa?

Kama kila kitu kilikufa, yaani taa, redio, saa, dashibodi giza tupu, basi acha kuwaza pampu. Umeme mkuu umekatika. Fungua boneti ushike tamino za betri, moja moja, ujaribu kuzizungusha kwa mkono. Tamino ikizunguka kwa mkono, hiyo imelegea. Angalia ule unga mweupe au wa kijani. Angalia pia waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi ya gari, maana barabara ya vumbi na makorongo, kama ile ya kutoka Itigi kwenda Rungwa, inalegeza nati ambazo hukujua zipo. Ni tatizo la spana namba kumi, na watu wameuziwa betri mpya kwa ajili yake.

Kama tamino ziko imara, mtuhumiwa anayefuata ni swichi ya funguo. Jaribu gari likiwa limesimama, injini inawaka: tikisa funguo taratibu kushoto na kulia bila kuizungusha. Injini ikikohoa au taa zikicheza, umempata. Jambo hili si dogo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yake madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi ya funguo ilikuwa laini mno, ikijirudisha yenyewe gari likiwa kasi. Injini inazima, na mifuko ya hewa haifunguki tena ajali ikitokea. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Moja ya mambo yaliyoisaidia swichi ile kujirudisha ni uzito wa vitu vilivyoning'inia kwenye funguo. Sisi huku funguo ya gari imefungwa pamoja na ya nyumba, ya duka, ya kufuli la geti, na kopo la bia la kufungulia soda. Punguza.

Kama taa zilibaki, ukaona taa nyekundu ya betri na ya oili zimewaka, usiogope hizo. Zinawaka kwa sababu injini imesimama, si kwamba zimeisimamisha. Tofauti ni kama taa ya betri ilikuwa inawaka tangu Bahi, taa za mbele zimefifia na wewe ukasema utaangalia ukifika. Hapo alteneta haichaji, gari limekuwa likila betri mpaka likaishiwa. Kipimo chake ni rahisi, fundi umeme yeyote ana mita: injini ikiwaka, betri isome takribani volti 13.5 hadi 14.5. Ikisoma 12 na inashuka, alteneta au mkanda wake.

Mshale wa joto nao utazame. Kama umepanda sana, au kwa magari yasiyo na mshale taa nyekundu ya joto imewaka, hadithi ni nyingine kabisa. Gari limechemsha. Usipige stata, usifungue rejeta ikiwa ya moto, subiri hata saa nzima. Kuliwasha tena "lifike tu Manyoni" ndiko kunakopindisha silinda hedi.

Lilikufaje?

Hili ndilo swali ambalo fundi mzuri atakuuliza, na wengi hujibu "lilizima tu". Kuna namna mbili za kuzima.

Namna ya kwanza ni kama mtu amezima taa chumbani. Linavuta vizuri, halafu hakuna. Halitetemeki, halikohoi. Hiyo mara nyingi ni umeme: moto wa plagi umekatika wote kwa pamoja, au kompyuta ya gari imepoteza taarifa.

Namna ya pili ni kukabwa. Gari linaanza kukosa nguvu, linagugumia, unakanyaga mafuta linazidi kulegea, ukiachia kidogo linapata nafuu, mwisho linakufa. Hiyo mara nyingi ni mafuta hayafiki.

Yupo pia anayeambiwa kwamba koili moja imekufa ndiyo maana gari linazima. Kwenye injini zenye koili nne, kama hizi za IST, Premio na Raum, koili moja ikifa gari linatetemeka, linamisi, linakula mafuta, lakini kwa kawaida linaendelea kwenda kwa silinda tatu. Halizimi kama swichi. Gari la zamani lenye koili moja na distribyuta ndilo linaloweza kuzima lote kwa koili kupata moto.

Sensa ya krenki, mgonjwa anayepona akipoa

Kama gari lako linazima ghafla likiwa la moto, halafu linawaka likipoa, na mchezo ni huo huo kila safari, mtaje huyu wa kwanza.

Sensa ya krenki ni kidude kidogo, kwenye injini nyingi za Toyota kiko chini karibu na puli kubwa. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na imefika wapi kwenye mzunguko. Kompyuta ikikosa taarifa hiyo haijui lini itie mafuta wala lini ipige moto, kwa hiyo inaacha vyote viwili. Ndani ya sensa nyingi kuna waya mwembamba uliosokotwa. Ukizeeka unapata ufa. Ukiwa baridi ncha za ufa zinagusana, ukipata moto zinaachana. Dakika ishirini za kupoa, zinagusana tena. Ndiyo maana kwa fundi gari linakuwa zima.

Sasa simu yako ifanye kazi. Gari likiwa bado limegoma, washa kamera, rekodi video ya dashibodi wakati mwenzako anapiga stata. Angalia mshale wa mzunguko wa injini. Kwenye magari mengi, stata ikizungusha injini mshale huo unapaswa kunyanyuka kidogo. Ukilala sifuri kabisa huku injini inasikika ikizunguka, kompyuta haipati habari kutoka chini. Si ushahidi wa mahakamani, lakini video ya sekunde kumi itamsaidia fundi kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Ukibadilisha sensa, fikiri kabla ya kununua ya mtumba. Imetoka kwenye gari lenye umri kama wa lako, imepikwa kwenye joto lile lile. Na kabla ya kuibadilisha fundi aiangalie soketi yake, maana oili ikivuja juu yake au pini ikilegea utapata dalili zile zile na sensa ikiwa nzima.

Mafuta yanafika?

Fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia linavuta hewa kwa nguvu, "fyuuu", halafu gari likawaka, njia ya tenki kupumulia imeziba. Pampu ilikuwa inavuta mafuta kutoka kwenye chupa iliyofungwa.

Kisha sikiliza pampu. Mwenzako akae nyuma karibu na tenki, wewe weka funguo ON bila kuwasha. Magari mengi utasikia mlio wa sekunde mbili hivi. Angalizo: Toyota nyingi za miaka ya nyuma haziungurumishi pampu mpaka upige stata, kwa hiyo kimya kwenye ON peke yake si ushahidi. Mwambie asikilize ukiwa unapiga stata.

Kimya kabisa? Kuna kipimo cha kienyeji ambacho mafundi wengi wanakijua. Mtu mmoja anapiga stata, mwingine anagonga chini ya tenki kwa kisigino cha kiatu au nyundo ya mpira, kwa kiasi, na hakuna mtu anayevuta sigara hapo. Likiwaka, pampu imechoka ndani, umeisukuma tu. Itakufikisha Manyoni, usiitegemee kwenda Singida. Kitu kingine: kwenye boksi la fyuzi kuna relei ya pampu, na mara nyingi relei ya honi inafanana nayo kabisa, umbo na namba. Zibadilishane nafasi. Gari likiwaka na honi ikigoma, umetatua tatizo kwa bei ya relei.

Pampu inapozwa na mafuta yale yale yanayoizunguka. Sisi tunaotembea na taa ya mafuta imewaka wiki nzima, tunaweka ya elfu kumi kisha elfu kumi, tunaipikia pampu yetu. Ikikaa karibu na sakafu ya tenki inavuta pia uchafu wote wa miaka. Kama gari linazima tenki likiwa chini na linapanda mlima, na tenki likijaa halizimi, hiyo ni habari muhimu. Iandike.

Pampu mpya nayo inaweza kuwa mbovu. Mwaka 2020 Toyota yenyewe iliyaita magari zaidi ya milioni 5 duniani, mengi ya miaka ya 2013 na kuendelea, kwa sababu pangaboi la plastiki ndani ya pampu lilikuwa linavimba na kukwama, injini ikazima njiani. Kama umeagiza gari la miaka hiyo kutoka Japani, namba ya chesisi inaweza kukaguliwa kwenye tovuti ya Toyota kuona kama lilitengenezwa.

Na mafuta yenyewe. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa umeenea. Sheli za barabara kuu zinakaguliwa, lakini mafuta ya kidumu kijijini hayana wa kumuuliza. Ukilazimika, yaangalie kwanza kwenye chupa nyeupe. Maji yanakaa chini, utayaona.

Kuna king'ora? Kuna treka?

Hili linasahaulika na linatesa watu. King'ora cha kufungwa mtaani, au kifaa cha GPS kilichofungwa na aliyekukopesha, mara nyingi kina relei ya kukata pampu au moto wa gari ili mwizi asifike mbali. Aliyefunga alikata waya mzima wa kiwandani, akaunganisha relei yake kwa kusokota, akafunga utepe mweusi. Miaka mitatu ya vumbi na matuta, ule utepe umeachia. Relei inaruka kidogo, injini inazima kama swichi. Fundi wa injini anaweza kufungua kila kitu asikione, kwa sababu kiko chini ya dashibodi, si kwenye injini.

Muulize fundi umeme aitafute relei hiyo na airuke kwa majaribio. Kama gari lina mkopo, wasiliana kwanza na mwenye treka. Ukikata mwenyewe watadhani unaliiba gari lako.

Gari likizima kila unapoachia mafuta tu, kwenye matuta au ukikaribia makutano, mambo ni mepesi zaidi: halikai sailensa. Throto imejaa masizi, au kuna hozi ya hewa imepasuka. Anza na kusafisha throto.

Kwa fundi, usifute ushahidi

Kabla mtu hajagusa tamino ya betri, pima kwa mashine. Kuchomoa betri kunafuta kumbukumbu ya hitilafu kwenye magari mengi, na kuna mafundi wanaanza na hilo. Piga picha ya namba zilizoonekana kabla hazijafutwa. P0335 inahusu sensa ya krenki, P0340 sensa ya kamu, P0171 inamaanisha hewa nyingi mafuta kidogo. Namba haisemi "badilisha kifaa hiki", inasema "anzia hapa". Vile vimashine vidogo vya bluetooth vinaweza kugoma kusoma magari ya Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000, hiyo haimaanishi kompyuta ya gari imekufa. Tafuta mwenye mashine inayozijua Toyota za Kijapani.

Kama hakuna namba yoyote, mwambie fundi apime presha ya mafuta gari likiwa la moto. Injini ya 1NZ iliyoko kwenye IST nyingi inatakiwa kusoma takribani bar 3 mpaka 3.4. Asiye na geji ya presha anakisia, hata akiwa na miaka thelathini kazini.

Mpe maelezo yako yameandikwa: saa ngapi, umetembea muda gani, tenki lilikuwa wapi, mlima au tambarare, AC ilikuwa imewashwa, dashibodi ilikuwaje, lilikaa dakika ngapi ndipo likawaka. Mwonyeshe video. Kubaliana naye abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kile cha zamani ukichukue.

Malizeni kwa majaribio ya kweli. Kuzunguka stendi na kurudi haitoshi kwa gari linalozima likipata moto. Jua likiwa kali, tenki liwe kiwango kile kile lilipozima mara ya mwisho, shukeni mpaka Kintinku, geuzeni, mpande Saranda na fundi akiwa kiti cha mbele na mashine yake imechomekwa. Likizima safari hii, yupo.